Hans Berger na Mawimbi ya Ubongo
Kijana wa Riruta anayesomea upimaji wa mawimbi ya ubongo ana mwalimu. Hans Berger hakuwa naye. Mjerumani huyu, aliyezaliwa 1873, aliacha falaki akaingia jeshini, akaanguka kutoka farasini nusura asagwe na gurudumu la mzinga. Jioni ikaja telegramu ya babake kumjulia hali, kwani dadake alikuwa ameshikwa na hofu. Berger akaamini kuwa fikra husafiri, akageukia utabibu kuitafuta nguvu hiyo. Hakuipata. Mnamo 1924, mjini Jena, alinasa umeme wa ubongo. Mitambo hakuijua sana; alijifunza kwa kurudiarudia, akimpima hata mwanawe, asichapishe lolote juu yake hadi 1929. Wengi walimpuuza mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipomthibitisha, 1934. Alijiua 1941.