Arthur Eichengrün na Haki ya Aspirini

Methali isemayo Mgala muue na haki yake umpe hufunza kwamba hata mtu anayechukiwa hastahili kunyimwa kilicho chake. Uzito wa methali hii hudhihirika katika maisha ya Arthur Eichengrün, mwanakemia wa Kijerumani aliyefariki mwaka wa 1949. Dawa ya aspirini humezwa duniani kote, lakini mchango wake katika kuipata ulikaribia kufutwa kabisa.

Eichengrün alizaliwa tarehe 13 Agosti 1867 mjini Aachen. Baba yake alikuwa Myahudi mfanyabiashara wa vitambaa. Alianza kusomea kemia mjini humo, akaendelea Berlin, na mwaka wa 1890 akatunukiwa shahada ya uzamifu huko Erlangen. Mwaka wa 1896 aliajiriwa na kampuni ya Bayer mjini Elberfeld ili atafute dawa mpya. Haukupita muda mrefu akavumbua Protargol, dawa yenye madini ya fedha iliyotumiwa kutibu kisonono kwa miongo mingi.

Zama hizo wagonjwa wa baridi yabisi walipewa asidi ya salisili. Iliwapunguzia maumivu, ila ladha yake ilichukiza na iliwachoma tumbo hata wengine wakatapika. Tarehe 10 Agosti 1897, Felix Hoffmann, mwanakemia kijana wa Bayer, aliandika katika daftari lake la maabara jinsi alivyoibadilisha asidi hiyo na kupata asidi ya asetilisalisili iliyo safi. Hakuna anayepinga kwamba mikono ya Hoffmann ndiyo iliyoitengeneza. Ubishi uliopo unahusu aliyemwelekeza.

Kwa maelezo ya Eichengrün, wazo lilikuwa lake, naye Hoffmann alifuata maagizo bila ya kuelezwa lengo. Heinrich Dreser, aliyesimamia majaribio ya dawa katika kampuni, aliikataa dawa hiyo kwa hofu kwamba ingedhuru moyo. Eichengrün hakuridhika. Aliimeza mwenyewe, na moyo wake haukupata dhara. Kisha, kupitia kwa Felix Goldmann, mwakilishi wa Bayer mjini Berlin, dawa ilifikishwa kimyakimya kwa madaktari. Habari zilizorejea zilikuwa njema: mbali na kutibu baridi yabisi, iliondoa maumivu ya kichwa na ya meno bila ya kuwasumbua wagonjwa. Hapo ndipo wakuu wa kampuni walipoamuru ichunguzwe upya. Mwaka wa 1899 iliingia sokoni kwa jina la Aspirin. Dreser alichapisha makala ya kuisifu mwaka huo huo, lakini hakumtaja Hoffmann wala Eichengrün.

Mwaka wa 1908 Eichengrün aliondoka Bayer na kuanzisha kiwanda chake mjini Berlin. Humo alitengeneza Cellon, aina ya plastiki isiyoshika moto kwa urahisi kama zile zilizotangulia. Rangi zilizotokana na kazi hiyo zilipakwa kwenye vitambaa vya mabawa ya ndege katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alitajirika na kuheshimiwa.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1933 Wanazi walipotwaa mamlaka. Mwaka uliofuata, kitabu cha historia ya viwanda vya kemia kilimtaja Hoffmann kuwa mvumbuzi wa aspirini. Kwa Myahudi wa wakati ule, kupinga hadharani kulikuwa kujitafutia balaa. Mwaka wa 1938 alilazimika kukiuza kiwanda chake. Mwaka wa 1941, katika jumba kuu la makumbusho mjini Munich, dawa hiyo iliwekwa kwenye kabati la vioo pamoja na maandishi yaliyowataja Dreser na Hoffmann kuwa wavumbuzi wake. Mlangoni paliwekwa tangazo la kuwakataza watu wa asili yake kuingia.

Ndoa yake na mwanamke asiyekuwa Myahudi ilimkinga kwa muda. Hata hivyo, mwaka wa 1943 alifungwa miezi 4 kwa kuandikia ofisi ya serikali barua bila ya kujiongezea jina Israel, ambalo Wayahudi wa kiume walilazimishwa kulitumia. Mwaka wa 1944 alikamatwa tena na kupelekwa katika kambi ya Theresienstadt akiwa na umri wa miaka 76. Akiwa kambini aliandika barua akieleza nafasi yake katika uvumbuzi wa aspirini. Alinusurika hadi vita vilipomalizika mwaka wa 1945. Mwaka wa 1949 alichapisha madai yake katika jarida la kitaaluma la Kijerumani, na tarehe 23 Desemba mwaka huo huo akafariki huko Bad Wiessee.

Hakuishi kujua siri ya dawa hiyo. Mwaka wa 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Kwa kuwa kemikali hizo pia huukinga utando wa tumbo, dawa hiyo inaweza kusababisha vidonda vya tumbo. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na aspirini ingali inatumiwa na baadhi ya wagonjwa wa kipandauso. Vane alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi.

Madai ya Eichengrün yalifufuliwa mwaka wa 2000, Walter Sneader wa Glasgow alipochapisha uchunguzi wake na kuhitimisha kwamba mzee huyo alisema kweli. Kampuni ya Bayer ilipinga hitimisho hilo na kushikilia kwamba mvumbuzi ni Hoffmann. Wanahistoria wangali wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba Eichengrün alinyamazishwa wakati mashahidi wengi wangali hai, na alipopata nafasi ya kusema, umri wake ulikuwa umefika miaka 82.