Leonard Kibera na mtumishi wake Ngotho

Leonard Kibera alizaliwa Kabete mwaka 1942, akasoma Kangaru kule Embu, ng'ambo ya Tana ukitokea Kitui. Mwaka 1968 yeye na nduguye, Samuel Kahiga, walitoa kitabu cha hadithi fupi kwa Kiingereza, Potent Ash. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata miaka 5, na tayari Kibera ameshawaona waliorithi ubwana.

Mojawapo ya hadithi zake ni ya Ngotho, mtumishi wa nyumba. Lois, mwenye nyumba, zamani alikuwa mwalimu kijijini, mtu wa watu. Kuolewa na mtu mkubwa tu, akataka aitwe kwa heshima.

Nimeisomesha hadithi hiyo Makueni, baadaye Kitui. Mimi mtu wa Mombasa nilikwenda na chaki yangu: mhusika, mgogoro, kilele. Darasa la Makueni halikungoja kilele. Msichana mmoja aliniuliza, je, dada yake aliyeko kwetu kwa kazi za nyumba, hula pamoja na wenyewe au jikoni? Jibu mwalijua, wasomaji wangu. Ni wangapi kutoka Ukambani wametulelea wana, na majina ya baba zao hatuyajui?

Kibera naye alikuwa mwalimu. Baada ya riwaya yake, Voices in the Dark, ya 1970, alisomesha fasihi Chuo Kikuu cha Zambia, kisha Kenyatta. Alifariki 1983, umri hata nusu karne haujafika.