Msomaji wa Hubiri

Soma Warumi 10:14-17.

Tunapomtaja William Miller tunakimbilia Danieli 8:14. Lakini kabla ya hapo alikuwa mtu asiyeamini, naye alikuwa hodari katika kutokuamini kwake.

Mama yake alimlea katika kumcha Mungu huko Low Hampton, New York. Mwaka 1803 alioa akahamia Poultney, Vermont. Huko alisoma vitabu vya Voltaire, Hume na Paine, akajiunga na watu walioshikilia kwamba Mungu aliuumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe. Aliwachekesha kwa kuigiza maombi ya babu yake na ami yake, wahubiri wa Kibaptisti.

Vita vilimtikisa. Septemba 1814, akiwa kapteni, alipigana Plattsburgh dhidi ya jeshi la Waingereza lililowazidi sana kwa idadi. Kombora lilipasuka karibu naye, likaua na kujeruhi wenzake, lakini yeye hakupata hata mkwaruzo. Wamarekani walishinda. Ikiwa Mungu hajishughulishi na wanadamu, ni nani aliyeamua mambo siku ile?

Alirudi Low Hampton, akawa akihudhuria ibada, isipokuwa mchungaji alipokuwa safarini. Mama alipouliza sababu, alijibu kwamba mashemasi hawasomi hubiri vizuri. Mashemasi wangeweza kuudhika. Wao wakampa kazi hiyo ya kusoma, ingawa hakuwa ameamini.

Jumapili moja ya Septemba 1816 alipewa hubiri kuhusu wajibu wa wazazi. Halikuwa la unabii, wala la kutisha. Alianza kusoma, moyo ukamjaa, akashindwa kuendelea, akaketi. Imani huja kwa kusikia, naye alisikia kwa kinywa chake mwenyewe.

Alimtamani Mwokozi, lakini angejuaje kwamba Mwokozi huyo yupo kweli? Rafiki zake wa zamani nao wakamrudishia maswali yale yale aliyozoea kuwatupia Wakristo. Miller aliomba muda. Aliweka kando vitabu vya ufafanuzi, akabaki na Biblia na itifaki ya Cruden, akaanza Mwanzo 1, fungu kwa fungu, bila kuharakisha. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili.

Je, katika kanisa lenu yuko anayekuja bila kuamini? Mmempa kazi gani?