Padri aliyekaa meza moja na Aristotle

Wengi tumeiona ile picha ya Raphael: Plato kanyoosha kidole juu, Aristotle kaelekeza kiganja chini. Aliichora ukutani Vatikano kati ya 1509 na 1511, na ukuta wa pili akachora watakatifu wakiizunguka Ekaristi. Wapagani wa Ugiriki na Wakristo, chumba kimoja. Sisi wa Ngara tunaye jirani aliyefanya kazi ya aina hiyo bila brashi: Padri Alexis Kagame.

Alizaliwa Rwanda mwaka 1912. Akapewa upadri 1941, akahariri gazeti la Kinyamateka, akakusanya mashairi ya wazee wa ikulu ya mfalme. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu utawala wa jadi. Wakoloni wa Kibelgiji hawakukipenda, na askofu wake akampeleka Roma. Huko akasoma, 1955 akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Gregoriana.

Aristotle aliyagawa yote yaliyopo katika makundi kumi. Kagame akasema kwa Kinyarwanda manne yanatosha: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Yote yana shina moja, ntu. Na Mungu je? Akamweka nje ya makundi yote, maana ndiye aliyeyafanya yawepo.

Hapo Mhangaza hahitaji mkalimani. Mimi shule ya msingi nilichapwa kwa kuongea Kihangaza darasani, kwa hiyo nilipomsoma Kagame nilishtuka kweli. Kumbe maneno niliyochapiwa yanaweza kubishana na Aristotle!

Paulin Hountondji wa Benin alimpinga. Kwake, falsafa haijifichi kwenye lugha ya watu wote. Ni hoja za mtu anayeandika na kujibiwa. Hoja nzito, nakubali. Ila kwa kipimo hichohicho Kagame anafaulu: aliandika, akajibiwa, na 1976 akarudi na kitabu kingine kinacholinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Alifariki Nairobi mwaka 1981. Mimi, Mungu akipenda, karibuni nitasimama mbele ya darasa. Mtoto akitamka ahantu, fimbo sitaigusa. Nitamuuliza kwa nini mahali na wakati vikae neno moja, na kipindi kizima kitaishia hapo.