Barbara McClintock na Siri ya Madoa ya Mahindi

Mkulima wa Werugha, katika vilima vya Taita, akimenya hindi lenye punje za madoadoa, huenda akaliona kuwa kioja cha mbegu tu. Barbara McClintock aliyachunguza madoa ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Alizaliwa tarehe 16 Juni, 1902, mjini Hartford, Marekani. Mama yake alisita kumpeleka chuo kikuu, akihofia kwamba binti msomi hangeolewa. Hata hivyo, mwaka 1927 alihitimu shahada ya uzamifu huko Cornell.

Katika miaka ya 1940, akiwa Cold Spring Harbor, alibaini kwamba vipande fulani vya kromosomu huhama. Kipande kikijipenyeza katika jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza rangi, punje hupauka. Kikitoka, rangi hurejea. Kikitoka mapema, punje ingali changa, doa huwa pana. Kikichelewa, huwa dogo.

Aliyaeleza hayo mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1951, na wachache tu walimwelewa. Alipunguza kuchapisha, lakini hakuacha kupanda. Mwaka 1961, Jacob na Monod walipofafanua jinsi bakteria wanavyodhibiti jeni za vimeng'enya vyao, McClintock aliandika mwaka huohuo kuonyesha kwamba mahindi nayo yana utaratibu unaofanana na huo.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81. Ilikuwa heshima iliyochelewa, tena nusu: ilitaja kuhama kwa vipande, si udhibiti wa jeni, ambao kwake ndio uliokuwa kiini cha jambo. Alifariki tarehe 2 Septemba, 1992.