William Herschel na Tegemeo la Darubini

Usiku usio na mawingu, mvuvi wa Kojani akiwa baharini huona nyota nyingi sana. Kisiwa cha Pemba kiko karibu na ikweta, nyuzi 5 hivi kusini yake. Kwa hiyo mtu aliye Wete, Chake Chake au Mkoani aweza kuona nyota za upande wa kaskazini na pia za upande wa kusini. Huko pwani watu wanakijua Kilimia, kundi la nyota lililowasaidia wakulima na mabaharia wa zamani kutambua majira ya mwaka. Kwa macho matupu watu wengi huona nyota sita au saba za Kilimia. Kwa kutumia darubini, hata iliyo ndogo, huonekana nyingi zaidi.

Darubini ni chombo kinachofanya vitu vya mbali vionekane kana kwamba viko karibu. Lakini haitoshi kuwa na darubini yenye kioo kizuri. Sharti iwekwe juu ya kitu imara kisichotikisika. Kitu hicho tutakiita tegemeo. Katika somo hili tutasoma maisha ya William Herschel, mtu aliyetengeneza darubini zake mwenyewe nyumbani, na ambaye siku moja aliponea chupuchupu kwa sababu ya tegemeo lisilokamilika.

Mwanamuziki anajifunza nyota

William Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba, 1738, katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi, naye William alifundishwa kazi hiyo hiyo tangu utotoni. Mnamo mwaka 1757 alihamia Uingereza akiwa kijana wa miaka 19 hivi. Huko aliishi kwa kupiga na kufundisha muziki, na hatimaye akawa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath. Mwaka 1772 alimleta dada yake, Caroline, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 11, wakaishi pamoja.

Mchana Herschel alifundisha muziki, na usiku alisoma vitabu vya hesabu na vya elimu ya nyota. Mwaka 1773 alikodi darubini ndogo, lakini haikumtosheleza. Darubini kubwa aliyoitaka ilikuwa ya bei kubwa mno kwake. Basi akaamua kuitengeneza mwenyewe.

Darubini aliyoichagua ni ile inayokusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea kama sahani. Siku hizo kioo cha namna hiyo hakikutengenezwa kwa bilauri wala chupa, bali kwa madini yaliyoyeyushwa pamoja: shaba na bati. Bati ni madini yanayopatikana hapa Tanzania pia, huko Kyerwa katika Mkoa wa Kagera. Madini yakishapoa, fundi huyasugua kwa muda mrefu mpaka yang'ae na kupata umbo sahihi. Safari moja Herschel alisugua kioo kwa saa 16 bila kuondoa mikono yake, kwa kuwa aliogopa kwamba akiacha umbo lake lingeharibika. Caroline alimlisha chakula kinywani na kumsomea vitabu. Ndugu yao, Alexander, alisaidia kuchonga sehemu za chuma na shaba. Nyumba yote ikawa karakana.

Sayari mpya

Usiku wa tarehe 13 Machi, 1781, Herschel alikuwa katika bustani ya nyumba yake huko Bath. Darubini yake ilikuwa na urefu wa mita 2 na kidogo, na kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 16 hivi. Ilikuza vitu mara 227. Akaona nyota moja iliyoonekana nene kuliko jirani zake. Alipobadilisha lenzi na kukuza zaidi, kitu kile kiliongezeka ukubwa. Nyota halisi haifanyi hivyo, kwa kuwa iko mbali mno. Hata ikikuzwa, hubaki kama nukta. Baada ya siku chache alikitazama tena akaona kimehama mahali pake.

Kwanza Herschel alidhani ni nyota yenye mkia. Wataalamu wengine walipopiga hesabu za mwendo wake waligundua kwamba ni sayari inayolizunguka jua, mbali kupita Zohali. Tangu kale watu walizijua sayari tano tu mbinguni: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Sasa ikaongezeka nyingine, nayo ndiyo Uranusi. Huchukua miaka 84 kulizunguka jua mara moja. Watu wengine walikuwa wamekwisha kuiona kabla ya Herschel, lakini waliidhania kuwa nyota ya kawaida.

Mwaka 1782 darubini ya Herschel ilipelekwa Greenwich, karibu na London, ikalinganishwa na darubini za serikali. Ile iliyotengenezwa nyumbani ikazishinda. Mkuu wa kituo hicho, Nevil Maskelyne, alilipenda pia tegemeo lake la mbao, akaagiza litengenezwe jingine la namna hiyo kwa ajili ya darubini yake. Lakini alipokwisha kuona tofauti ya darubini hizo mbili, alianza kuwa na shaka kama darubini yake ilistahili kupewa tegemeo jipya. Mwaka huo huo Mfalme George wa Tatu alimpa Herschel malipo ya pauni 200 kwa mwaka, naye akaacha kazi ya muziki.

Hasara na hatari

Usidhani kwamba kila jambo lilifaulu. Mwezi Agosti 1781 Herschel alijaribu kutengeneza kioo cha upana wa sentimita 90 hivi katika nyumba yake. Kalibu ilifinyangwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya farasi, ambao Caroline aliutwanga kinuni na kuuchekecha. Mara ya kwanza kioo kilipasuka kilipokuwa kinapoa. Mara ya pili madini yaliyoyeyuka yalivuja chini ya tanuri yakamwagika sakafuni. Sakafu ilikuwa ya mawe. Jiwe likipata joto kali kwa ghafla, upande wa juu hutanuka haraka kuliko upande wa chini, nalo hupasuka. Mawe yale yaliruka mpaka darini. Herschel, Alexander na mafundi wakakimbia nje, na Herschel akaanguka juu ya rundo la matofali kwa uchovu na joto.

Baadaye yeye na Caroline walihamia Datchet, ambako alitengeneza darubini ya urefu wa mita 6. Darubini hiyo ilitundikwa katika jukwaa refu la mbao lenye ngazi. Herschel hakuwa na subira ya kungoja jukwaa likamilike. Katika majira ya baridi ya mwaka 1783 alikuwa akipanda mita 4 na nusu juu ya ardhi, akasimama juu ya boriti la muda na kutazama nyota. Ngazi za jukwaa zilikuwa bado hazijatiwa mbao za kuzikaza kwa chini. Caroline, aliyekaa chini akiandika, alishtuka kila aliposikia mti ukilia.

Usiku mmoja upepo mkali ulivuma. Herschel alishuka, na mara tu miguu yake ilipogusa ardhi, jukwaa zima likaanguka. Vibarua waliamshwa usiku ule ule kuja kukinasua kioo kilichokuwa chini ya mbao. Kwa bahati kioo kilikuwa kizima. Kesho yake maseremala walikuwa na kazi kubwa ya kutengeneza yale yaliyovunjika.

Tarehe 31 Desemba mwaka huo, Caroline alikuwa anakimbia gizani juu ya theluji ili kugeuza mtambo wa darubini. Akaanguka juu ya kulabu ya chuma, ikamchoma mguuni juu ya goti na kumnyofoa nyama. Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka 1786 aligundua nyota yenye mkia, na kufikia mwaka 1797 alikuwa amegundua nane. Tangu mwaka 1787 alilipwa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo, jambo ambalo lilikuwa nadra sana kwa mwanamke wa wakati ule.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1789 Herschel alimaliza darubini ya urefu wa mita 12, yenye kioo cha upana wa sentimita 120 hivi. Mwaka huo aligundua miezi miwili ya Zohali. Lakini darubini hiyo ilikuwa nzito na ngumu kuiongoza, kwa hiyo kazi yake nyingi aliifanya kwa ile ya mita 6. Mwaka 1800, kwa kutumia vipimajoto, aligundua kwamba jua hutoa pia miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1822, akiwa na umri wa miaka 83. Mwanawe, John, alichukua darubini ya mita 6 mpaka Afrika ya Kusini, akazichunguza nyota za kusini tangu mwaka 1834 hadi 1838.

Tunajifunza nini juu ya tegemeo?

Darubini inapokuza vitu mara 227, hukuza pia mtikisiko mara 227. Ndiyo maana tegemeo bovu huharibu kazi ya kioo kizuri.

Tegemeo la darubini ndogo kwa kawaida lina miguu mitatu. Mama wa Pemba anajua sababu yake, maana hukiinjika chungu juu ya mafiga matatu. Hata ardhi ikiwa na mabonde, mafiga matatu hukigusa chungu yote kwa pamoja. Meza ya miguu minne huyumba mahali pasipo sawa, kwa sababu mguu mmoja huning'inia. Lakini mguu mmoja wa tegemeo ukivunjika, mingine miwili haiwezi kusimama peke yake. Jifya moja haliinjiki chungu, na mawili hayatoshi.

Mguu wa mti uliovunjika waweza kutengenezwa nyumbani. Ikiwa umepasuka kwa urefu, paka gundi ndani ya ufa, ubane, kisha uufunge kamba kwa nguvu na kuuacha mpaka gundi ikauke kabisa. Ikiwa umekatika kwa upana, gundi peke yake haitoshi. Uutie gango, kama mganga anavyoufunga mguu wa mtu uliovunjika: weka vipande viwili vya mti mkavu, kimoja kila upande, vipite mahali palipovunjika juu na chini. Toboa matundu madogo kabla ya kutia parafujo, ili mti usipasuke tena. Mwisho, pima miguu yote mitatu iwe na urefu mmoja, uiunganishe kwa kamba isitanuke, na utundike jiwe katikati chini ya tegemeo. Uzito ukiwa chini, tegemeo halipinduki kwa urahisi.

Kazi ya kufanya

1. Pigilia vijiti vinne kwa misumari ili vifanye mraba. Usukume pembeni. Je, umbo linabadilika? Sasa ongeza kijiti kimoja kutoka pembe hadi pembe, usukume tena. Eleza kwa nini ngazi za Herschel zilihitaji mbao za kukaza.

2. Kama shuleni kuna darubini, ielekeze kwenye kilele cha mnazi ulio mbali. Gonga tegemeo polepole kwa kidole, uhesabu sekunde mpaka mnazi utulie. Tundika jiwe chini ya tegemeo, urudie. Linganisha hesabu zako.

Hadhari: Usitazame jua kwa darubini kamwe. Utapofuka mara moja.

Maswali

1. Herschel alitambuaje kwamba kitu alichokiona mwaka 1781 hakikuwa nyota ya kawaida?
2. Kwa nini mawe ya sakafu yalipasuka na kuruka?
3. Kwa nini jukwaa la Datchet lilianguka?
4. Taja kazi tatu alizozifanya Caroline.
5. Kwa nini mafiga ni matatu na si manne?
6. Kwa nini gundi peke yake haitoshi kwa mguu uliokatika kwa upana?