Charles Colling na fahali mdogo aliyeitwa Hubback

Katika bonde la mto Tees, kaskazini mwa Uingereza, wafugaji wa karne ya 18 walipenda ng'ombe wakubwa. Baadhi walitumia madume yenye damu ya Uholanzi, wakichagua ndama wenye mapaja mapana. Upana huo ukazidi, nyonga ya mama ikashindwa kumpitisha ndama. Ng'ombe wengi walikufa wakizaa, na mama na ndama wakapotea pamoja.

Charles Colling, mkulima wa Ketton karibu na Darlington, alikulia kati ya wafugaji hao. Alimtembelea Robert Bakewell, mfugaji mashuhuri wa mifugo, akarudi akitazama umbo kuliko ukubwa. Hubback, fahali aliyemnunua kwa ginea 8, alikuwa mdogo, mwenye ngozi laini, mwepesi kunenepa. Hata leo, anayemtafutia mtamba wake dume huuliza kwanza ndama wa dume huyo huzaliwa na ukubwa gani.

Katika uzao wa Hubback akatokea Favourite, kisha Comet, aliyezaliwa mwaka 1804. Comet alikuwa mtoto wa Favourite na binti yake mwenyewe, na mama wa binti huyo ndiye aliyemzaa Favourite. Hilo, msikilizaji, usiliige zizini kwako.

Mwaka 1810 Colling aliuza ng'ombe wake 47 kwa mnada. Comet peke yake alinunuliwa kwa ginea 1,000, bei ambayo hakuna fahali wa Shorthorn aliyekuwa amewahi kuifikia kabla ya hapo. Colling akaacha ufugaji, akafariki mwaka 1836.